Kufuli la Filamu Halifungi Elimu

Wahenga wetu walituachia neno la kuhesabu: mali bila daftari huisha bila khabari. Neno hili aghalabu husemwa mbele ya wafanya biashara, lakini mimi naliona lafaa zaidi katika nyumba zetu za leo, ambamo fedha hutoka mfukoni bila ya kusikika hata mlio wa sarafu. Baba hununua kifurushi cha simu, mama hulipia king'amuzi cha televisheni, na kijana hutazama filamu katika simu yake akidhani kwamba anapewa kwa hisani. Hata siku moja hisani ile husita; mlango hufungwa, na juu ya mlango huandikwa bei. Hapo ndipo watu hushtuka na kuulizana: Imekuwaje kitu cha bure kikawa cha kulipiwa?

Ndugu msomaji, swali hili liliingia nyumbani kwangu Njombe kwa njia ya magari. Najua wako watakaosema kwamba filamu za magari ni upuuzi wa vijana, wala hazistahili kupewa nafasi katika gazeti la nyumba za Waislamu. Nawaomba wavute subira. Ndani ya jambo hili dogo mna masala matatu makubwa: haki ya mwenye kazi, riziki ya kijana, na njia ambayo elimu hupita kutoka mkono hata mkono.

Anayetoka Njombe mjini kwenda Makambako husafiri kiasi cha kilomita 60. Huyaacha nyuma mashamba ya chai na misitu ya mbao, akafika mji wa upepo ambao uhai wake ni barabara. Pale Makambako njia itokayo Songea na Njombe hukutana na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia. Pale pale ipo stesheni ya reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya 1970 na 1975, ambayo urefu wake kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi ni kilomita 1,860. Malori hupita usiku na mchana, na palipo na malori hapakosi gereji. Na palipo na gereji hapakosi vijana waliolala chini ya magari, nguo zao zimelowa oili, wakijifunza kazi kwa fundi aliyewatangulia.

Mmoja katika vijana hao ni mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, anayekaa Makambako na bibi yake, yaani mama yangu mzazi. Alimaliza kidato cha nne, Kiingereza chake ni cha kuombea maji, lakini macho yake ni mepesi mno. Tangu alipopata simu yenye intaneti alishikamana na filamu za wapenda magari, khasa zile za Kimarekani. Moja aliyoipenda iliitwa Roadkill, iliyoanza 2012 katika chaneli ya YouTube ya gazeti la Motor Trend, gazeti la magari ambalo lilianzishwa Marekani mwaka 1949. Mabwana wawili, David Freiburger na Mike Finnegan, hununua gari lililochoka, pengine lililooza kabisa, kisha hufunga nalo safari ndefu. Likiwaharibikia njiani hulitengeneza papo hapo, juu ya vumbi au katika uwanja wa duka la vipuri, wakicheka na kuungua vidole.

Nilipoitazama kwa mara ya kwanza nilifahamu upesi kwa nini kijana wa Makambako aliipenda. Mabwana wale hufanya kwa kujifurahisha kazi ambayo jamaa zetu huifanya kwa dhiki kila siku kandokando ya barabara kuu. Tafauti ni kwamba wao huonyesha. Kamera husogea mpaka karibu na mkono, ukaona spana inavyoshikwa, nati inavyolegezwa, waya unavyopimwa. Asiyejua lugha hufuata kwa macho. Kwa njia hiyo mpwa wangu alijifunza jambo ambalo fundi wake hakuwa na desturi ya kulifundisha, nalo ni kupima kabla ya kufungua. Injini ikikataa kuwaka, yapasa kuuliza kwa utaratibu: Je, mafuta yanafika? Je, plagi inatoa cheche? Je, hewa inaingia? Je, silinda zinashika mgandamizo? Anayeuliza hivi hufungua sehemu moja; asiyeuliza hufungua injini nzima, kisha hubakiwa na nati mbili asizojua mahali pake.

Basi mabwana wale walianza kuonyesha bure, na wakapata watazamaji kwa mamilioni. Kisha wenye kampuni wakajenga ghala yao wenyewe ya filamu, ya kulipiwa kila mwezi, na kabla ya muongo ule kwisha, vipindi vipya vikawa vinaingizwa ghalani badala ya kuwekwa hadharani. Hawakuwa peke yao. Huko Uingereza, Jeremy Clarkson, Richard Hammond na James May walikuwa wamelipatia jina kubwa onyesho la Top Gear la BBC. Katika mwaka 2013 walionyesha safari yao ya kutafuta chanzo cha Mto Nile kwa magari makuukuu, wakipita Uganda na Rwanda mpaka kwetu Tanzania. Mwaka 2015 mkataba wa Clarkson haukuendelezwa; wenzake wakaondoka pamoja naye, na mwezi wa Novemba 2016 wakaanza onyesho jipya, The Grand Tour, ndani ya huduma ya kulipia ya Amazon. Mwezi uliofuata huduma hiyo ilifunguliwa kwa nchi zaidi ya 200 duniani, kwa dola 2.99 kwa mwezi katika miezi sita ya kwanza, kisha dola 5.99. Wao watatu waliliaga onyesho hilo Septemba 2024, kwa safari yao ya mwisho katika Zimbabwe.

Hata mashindano ya magari yameingia njia hiyo. Wazee wanakumbuka kwamba Safari Rally ilianza 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya alishinda kwa Volvo iliyokwisha tumika, na mwaka 1966 na 1967 akashinda Bert Shankland, mkaazi wa Tanzania, kwa Peugeot 404. Baadaye mashindano yakabaki Kenya peke yake. Yakatoka katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, na yaliporudi 2021, kule Naivasha, nafasi ya kwanza na ya pili zilichukuliwa na Toyota, gari ambalo kila fundi wa Makambako analijua kama kiganja chake. Anayesimama kandokando ya njia huko huona vumbi bure. Lakini anayetaka kuyafuata yote kwa intaneti, kila kona na kila dakika, hutakiwa kulipa ada kwa huduma ya wenye mashindano wenyewe, ambayo tangu 2023 yaitwa Rally.TV.

Mpwa wangu alikuja Njombe siku moja, akaniamkia, nami nikamwitikia marahaba, kabla hata hajaketi akasema, "Mjomba, wamefunga." Nikadhani amefungiwa gereji. Kumbe alikuwa akisema filamu zake.

Sasa na tulitazame neno hili bure, maana ndilo linalotuhadaa. Je, filamu zile zilikuwa bure kweli? Onyesho la BBC kwa Mwingereza halikuwa bure hata siku moja, kwani kila nyumba yenye kutazama televisheni huko yalazimika kwa sheria kulipa leseni ya mwaka. Kwetu lilifika kwa king'amuzi cha kulipia. Aliyeliona bure aliliona kwa jirani. Filamu za YouTube nazo zililipiwa na wenye matangazo ya biashara, na katika filamu za magari wenye matangazo ni wauza oili, wauza matairi na wauza vipuri. Tajiri hatoi fedha zake kwa mapenzi ya kijana asiyemjua. Alikuwa akiyanunua macho ya mtazamaji, na pamoja na macho akiinunua tamaa yake. Mpwa wangu alijifunza kupima injini, ndiyo, lakini alijifunza pia kutamani rimu za kung'aa ambazo bei yake yapita mshahara wa mwanagenzi kwa miezi kadha. Somo hilo la pili ndilo lililolipia lile la kwanza.

Na juu ya hayo, kila filamu ya bure ilikula kifurushi. Saa moja ya picha safi yaweza kumaliza gigabaiti nzima na zaidi. Bibi yake alikuwa akiona fedha za kijana zikiyeyuka, asione kilichonunuliwa, kwa sababu hakuna mfuko ulioingia nyumbani. Lau angelikuwa na daftari, angeliona kwamba nyumba yake imekuwa ikilipia filamu kwa miaka. Tofauti ni kwamba fedha zilikuwa zikienda kwa mwenye mnara wa simu na wala hazikuwa zikienda kwa aliyelala chini ya gari.

Kwa hiyo mwenye kazi anaposema waziwazi, "Kazi yangu ni kadha, lipa au wacha," sioni kwamba ametudhulumu. Ametaja bei, na bei iliyotajwa ni bora kuliko bei iliyofichwa. Anayelipwa na mtazamaji hutafuta radhi ya mtazamaji. Anayelipwa na muuza matairi hutafuta radhi ya muuza matairi. Mambo haya ni mepesi kuyafahamu, na lau yangeishia hapa nisingelishika kalamu.

Yalipokuwa mazito ni pale ilipokuja biashara. Katika stendi zetu wako watu wanaojaza nyimbo na filamu katika memori kadi. Dereva au utingo huleta simu yake, hulipa shilingi mia chache, na huondoka na filamu za kutazama njia nzima mpaka Tunduma. Mmoja wao alimwendea mpwa wangu akamwambia: Wewe unazijua filamu za magari, unajua ipi nzuri na ipi mbaya. Mimi ninapata zile zilizofungwa, zimekwisha vunjwa kufuli na watu wa mbali. Njoo uchague, ueleze kwa Kiswahili kinachotendeka, tuwauzie madereva, tutagawana.

Ndugu msomaji, usiichukulie rai hii kuwa ndogo. Mwanagenzi wa gereji hapati mshahara wa kutegemewa. Hupata posho siku gari linapotoka. Bibi yake anatumia dawa za presha kila siku ya Mungu. Fedha za memori kadi zingelitosha dawa zile na kubakia. Kijana alilifikiri jambo hili kwa muda wa juma zima, kisha akaja kwangu. Namshukuru Mungu kwamba alikuja kuuliza kabla ya kutenda, kwani wengi huuliza baada ya kutenda, na hapo huwa hawaulizi tena bali wanatafuta udhuru.

Hoja zake zilikuwa tatu. Ya kwanza: wenye filamu ni matajiri wa Marekani, hawatajua wala hawatapungukiwa. Hoja hii niliijibu upesi. Haki ya mtu haitoki mikononi mwake kwa sababu ni tajiri, wala kwa sababu yuko mbali. Dini yetu imetufundisha kwamba haki za waja hudaiwa na waja wenyewe, na umbali wa bahari hauzifuti. Na sheria ya nchi nayo imesema. Tanzania tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na filamu ya mtu ni mali yake kama shamba la chai lilivyo mali ya mwenyewe. Asiyependa mbao zake zikatwe usiku na mpita njia asikate za mwenzake.

Hoja ya pili: baadhi ya huduma hizi haziuzwi katika nchi zetu hata kwa mwenye fedha, basi mtu afanyeje? Hili ni kweli, na ni jambo la kusikitisha, kwa sababu mfanya biashara anayekataa kukuuzia kisha akalalamika kuibiwa amejitafutia sehemu ya msiba wake. Walakini dhiki ya kukosa kitu si idhini ya kukitwaa. Duka likifungwa, mteja hurudi nyumbani. Havunji dirisha kwa sababu alikuja na fedha mkononi.

Hoja ya tatu ndiyo iliyoninyamazisha. Alisema: "Mjomba, ukinilipia wewe nitatazama. Lakini pale gereji tuko sita, na wanne kati yetu hawana mjomba. Zilipokuwa bure tulikuwa sawa. Mtoto wa masikini na mtoto wa tajiri waliona mkono ule ule ukishika spana ile ile. Sasa mimi nitaendelea na wao watabaki nyuma. Je, hiyo nayo ni haki?"

Sikumjibu siku ile. Nilitoka nikaenda kusali, na maneno yake yalirudi Njombe pamoja nami. Kwani alisema kweli. Mlango unapofungwa, anayebaki nje si mvivu wala mwizi; ni yule tu ambaye hana. Na kutoka zama za kale elimu ya watu wetu haikuuzwa kwa kipimo. Mwanafunzi wa chuoni alikwenda na ubao wake, na mwalimu hakumwuliza baba yake anamiliki nini.

Jawabu lilinijia kutoka katika kazi ya kijana mwenyewe. Katika nchi yetu mafundi wengi wamezoea kuiondoa themostati ya gari, ile kizuizi kidogo kinachofunga na kufungua njia ya maji ya kupoza injini. Husema kwamba nchi yetu ni ya joto, haina haja nacho. Pengine madhara yake huko pwani hayaonekani upesi. Lakini Njombe, ambako asubuhi za Juni na Julai huchoma mikono kwa baridi, injini isiyo na themostati hukaa baridi muda mrefu, haifikii joto lake la kazi, na kwa hiyo hunywa mafuta kupita kiasi na kuchakaa upesi. Mpwa wangu aliyajua hayo kwa filamu. Akamweleza dereva mmoja wa Noah aendaye kila siku Njombe na kurudi, akamtilia themostati mpya, na dereva akawaeleza wenziwe. Habari ile ilienea stendi nzima kwa kinywa, kwa Kiswahili, bila ya kamera wala kifurushi, na hapakuwa na mtu yeyote, si Marekani wala Tanzania, aliyedhulumiwa hata senti.

Hapo nikaona tafauti ambayo sote tulikuwa tumeichanganya. Filamu ni mali ya aliyeitengeneza: picha yake, sauti yake, mzaha wake, utaratibu wake. Lakini elimu iliyomo, ya kwamba themostati hufunga na kufungua, ya kwamba upime kabla ya kufungua, haina mwenyewe. Hata sheria za hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa, hazilindi fikra wala njia ya kufanya kazi. Aliyelipa akatazama akafahamu, ana haki ya kulifundisha alilolifahamu kwa maneno yake na kwa mikono yake, kwa watu sita au kwa watu mia sita. Kufuli la filamu halifungi elimu. Anayeifunga elimu ni yule aliyeipata kisha akanyamaza.

Nilimwita kijana nikamweleza hivyo. Tukakubaliana, na bibi yake akiwa shahidi, mambo manne. Biashara ya memori kadi ataiacha. Mimi nitalipia huduma moja inayouzwa kwetu kwa uhalali, kwa miezi miwili tu. Yeye atatazama akiwa na daftari, atachora na kuandika kila analolipata. Na kila Jumapili alasiri, gereji ikiwa tupu, atawafundisha wenziwe juu ya injini kuukuu iliyotupwa nyuma ya ukuta, bila ya kuchukua ujira. Mwenye gereji aliridhia, ijapokuwa kwanza alinung'unika kwamba vijana wakijua sana watamkimbia.

Sitaki kukuhadaa, msomaji mwema, kwa kukuambia kwamba mambo yote yalinyooka. Fedha za memori kadi zilipokosekana, dawa za mama zilibaki juu yetu watoto wake. Tulikaa ndugu watatu, tukaongeza mchango wa kila mwezi, na mmoja wetu aliongeza kwa uzito. Yule muuza memori kadi alimpata kijana mwingine, na biashara yake yaendelea. Na katika wale vijana sita, wawili walichoka na masomo ya Jumapili, wakasema filamu zilikuwa tamu kuliko daftari. Hayo ndiyo malipo ya kufuata njia iliyonyooka. Huwa hayaji kwa fungu moja. Lakini wanne wamebaki, na mmoja wao, asiyekuwa na simu ya intaneti hata leo, ndiye anayeitwa sasa injini inapokataa kuwaka na mkubwa wake hayupo.

Jambo jingine limetufundisha adabu. Ile ghala ya Motor Trend niliyoitaja, ambayo watu walikuwa wakiilipia ili waone vipindi vyao, ilifungwa mwaka 2024, na filamu zake zikahamishiwa katika huduma nyingine za kampuni kubwa iliyoimiliki. Waliokuwa wakilipa kwa miaka hawakubakiwa na filamu hata moja mkononi. Wanavyuoni wetu wametufundisha kupambanua baina ya bai na ijara. Katika bai, kitu huwa chako, utakitumia, utakirithisha. Katika ijara, unanunua manufaa ya muda, na muda ukisha mwenye nyumba hutwaa ufunguo wake. Malipo ya mwezi ya filamu ni ijara tupu. Anayelijua hilo huutumia mwezi wake kama mpangaji mwenye akili, anayevuna embe za mwembe wa uani kabla mkataba haujaisha. Anayelidhania ni bai hulipa mwaka mzima akisema "nitatazama baadaye," na baadaye haimkuti.

Kwa ajili ya nyumba zetu, basi, natoa nasaha hizi chache. Kwanza, kila nyumba iwe na daftari la mambo haya: kifurushi, king'amuzi, ada za filamu, vyote viandikwe pamoja kila mwisho wa mwezi. Mtashangaa. Pili, huduma inayojilipisha yenyewe kila mwezi isiachwe bila ya mlinzi. Iandikwe tarehe yake, na isipotumika isimamishwe kabla ya tarehe hiyo. Tatu, neno la siri la nyumba lisitolewe kwa mtaa mzima, kwani tumekubali masharti tulipolipa, na masharti ni ahadi. Nne, kijana akitaka kulipiwa filamu ya ufundi, aulizwe kwa upole: Mwezi uliopita ulijifunza nini, nawe umemfundisha nani? Akiwa na jawabu, alipiwe kwa moyo mkunjufu, hata kama ni kwa kuacha kitu kingine. Akikosa jawabu, ile ni burudani, na burudani ina kipimo chake na wakati wake, usioingilia sala wala usingizi.

Tena wazazi wasidhani kwamba filamu, ya bure au ya kulipia, itasimama mahali pa mwalimu. Serikali ilianzisha VETA kwa sheria ya mwaka 1994, na kijana anayetoka chuoni na cheti cha ufundi hupokewa mahali ambapo daftari la filamu halipokewi. Filamu humwonyesha mkono. Chuo humtia mkono huo nidhamu. Na gereji humpa majeraha yanayomkumbusha. Vyote vitatu vyahitajiwa.

Na neno langu la mwisho ni kwa mafundi wetu. Leo wako vijana wa Tanzania wanaopiga picha kazi zao na kuzieleza kwa Kiswahili fasaha kuliko filamu yoyote ya kigeni. Sasa hivi wanatupa bure. Iko siku nao watakuwa na watoto wa kulisha, watataja bei, na siku hiyo tutajulikana sisi ni watu gani. Nyumba iliyojizoeza kuvunja kufuli la Mmarekani haitabisha hodi kwa heshima mlangoni kwa Mtanzania. Na nyumba iliyojizoeza kulipa inachoweza, kuacha isichoweza, na kumpa jirani kila ilichofahamu, hiyo itakuwa na mafundi kizazi baada ya kizazi, zibaki filamu au zitoweke.

Mwenyezi Mungu awape vijana wetu riziki ya halali na mikono yenye ujuzi, na atujaalie sisi wazee wao tuwe wepesi wa kuwasikiliza. Wabillahi taufiki.